Jenasi ya Mtoto

Muda mfupi kabla ya saa nne asubuhi, Bi Gundi alikuwa akiunganisha mfupa wa paja la swala aliyekufa kabla watu hawajajua kupika. Wafanyakazi wa makumbusho walimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake, na pia kwa sababu akikushika kwa mazungumzo hubanduki. Alipoinuka kufuata brashi ndogo, alimkuta mwanamume ameketi kwenye benchi la stoo, magoti pamoja, kama mtu anayengoja kuitwa dirishani.

Mwanamume huyo alikuwa na paji lililotokeza juu ya macho, na kidevu hakuwa nacho. Nyuma yake droo ya chini ya kabati la pili ilikuwa wazi na tupu. Bi Gundi alimtambua kwa taya lake, maana aliliunga yeye mwenyewe, na upande wa kushoto lilikuwa limekaa kombo kidogo. Aliona haya.

"Karibu, kaka. Umeamkaje?"

"Salama, dada. Nina shida na mkubwa wa hapa."

"Mkubwa hana haraka. Kunywa chai kwanza."

Katika stoo ile kila kabati lilikuwa jenasi moja, na kila droo ndani yake ilikuwa spishi moja. Mstari mzima wa makabati, kutoka mlangoni hadi dirishani, ulikuwa familia. Aliyetaka kujua nani ni ndugu wa nani hakuhitaji kitabu, alitembea tu. Kabati la pili lilikuwa la jenasi ya binadamu na jamaa zake wa karibu, ambao wote wamekwisha. Sisi wenyewe hatukuwa na droo, kwa kuwa bado tulikuwa tukitembea nje na kulipa kiingilio.

Mkurugenzi alifika akiwa bado na funguo za gari mkononi. Alikuwa shemeji yake Bi Gundi, kaka wa marehemu mumewe, na Bi Gundi aliendelea kuishi katika nyumba ya ukoo wao, chumba cha uani. Baba yao ndiye aliyeanzisha makumbusho. Picha yake ilitundikwa ukumbini, juu ya mlango, na kila aliyeingia alilazimika kupita chini yake.

Mkurugenzi alimpa mgeni mkono, akavuta kiti.

"Namtaka mwanangu," mgeni alisema, akaelekeza kidole kwenye kabati la tatu.

Alieleza bila kupandisha sauti. Mtoto alishikwa na homa. Alimbeba mgongoni kumpeleka mtoni, kwa kuwa alikuwa akilia maji, lakini alinyamaza kabla hawajafika. Alimlaza chini, akakaa kando yake apumzike kidogo kabla ya kurudi kumwambia mama yake. Hakuinuka tena. Mto ulifurika ukawafunika, wakakaa pale kwa raha zao mpaka walipokuja watu wenye brashi.

"Pole sana," Mkurugenzi alisema, na alimaanisha. "Najua ni mwanao. Hapa wote tunajua."

Hapakuwa na siri yoyote. Mzee wa pichani ndiye aliyemfukua mtoto. Fuvu lilikuwa dogo, limepondeka, na ng'ambo ya mto palikuwa na mtaalamu mwingine anayechimba, kwa hiyo Mzee alikuwa na haraka. Alitangaza kwamba mtoto hafanani na kiumbe yeyote aliyepata kujulikana, akamfungulia jenasi yake peke yake, na jina la jenasi hiyo akalitengeneza kutokana na jina lake mwenyewe. Baadaye watu wengine walimfukua baba, hatua chache tu kutoka pale. Huyo walimweka katika jenasi ya binadamu bila ubishi. Haraka haraka haina baraka, lakini ile ya Mzee ilimpatia makumbusho.

"Jenasi ni nini hasa?" mgeni aliuliza. "Nasikia mkiitaja kila siku, nikiwa ndani ya droo."

Mkurugenzi alipenda kufundisha, kwa hiyo alisogeza kiti karibu. "Kila kiumbe tunampa majina mawili. La pili ni lake na wenziwe wa spishi moja. La kwanza ni la jenasi, analishiriki na ndugu zake wa karibu, waliotoka kwa babu mmoja si zamani sana. Simba na chui, wale ni jenasi moja. Duma yumo katika familia yao, lakini jenasi yake ni mbali. Kwa hiyo ninyi wawili bado mko familia moja. Tofauti yenu ni jenasi tu."

"Na mpaka kati ya jenasi na jenasi aliuchora nani?"

"Wataalamu."

"Kwa kipimo gani?"

"Kipimo kamili hakuna," Mkurugenzi alikiri, maana hakuwa mwongo. "Tunaangalia mifupa, tunaangalia asili, kisha tunakubaliana."

"Basi kubalianeni," mgeni alisema.

Mkurugenzi alitazama funguo zake. "Nikimleta mtoto kabati la pili, lile la tatu linabaki halina mtu. Jenasi isiyo na mtu hufutwa, na jina lake hufa. Mzee wangu hakuacha kitu kingine chenye jina lake."

"Mimi niliacha mtoto tu."

Mkurugenzi alisema chai inapoa.

"Shemeji," Bi Gundi aliingilia, "undugu ni kufaana, si kufanana."

"Huko mtaani, shemeji. Humu ndani ni kufanana tu."

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya, na alitoa ruhusa. Ujia uliopita mbele ya makabati ulikuwa wa familia nzima, si wa jenasi yoyote, kwa hiyo baba na mtoto wangeweza kukutana hapo saa ya chakula cha mchana. Bi Gundi alilifungua kabati la tatu. Mtoto alitoka akipikicha macho, nywele zimejaa vumbi la mto. Alipomwona mgeni alitamka neno fupi la lugha yao, neno ambalo halikuhitaji mkalimani, akamrukia shingoni.

"Mjomba," Mkurugenzi alimrekebisha kwa upole. "Huyu ni mjomba. Ndiyo kadiri ya familia."

Jioni ile Bi Gundi aliichomoa droo ya mtoto, mtoto mwenyewe akiwa amelala ndani, akaipachika katika kabati la pili, juu ya droo ya baba. Iliingia bila kukwama. Asubuhi aliikuta imerudishwa kabati la tatu. Mkurugenzi alikuwa ameirudisha kwa mikono yake, na vumbi lilikuwa bado kwenye koti lake.

"Tusikosane, shemeji," alisema. "Jina lile ndilo lako pia. Ndilo lililoandikwa kwenye geti unalopita kila siku."

Bi Gundi alifikiria chumba chake cha uani, akarudi kwa swala wake. Siku ile gundi haikushika, na alijichukia.

Mambo yakawa ya kawaida. Kila mchana mgeni alitoka kabati la pili na mtoto kabati la tatu, wakakaa benchini, wakala mayai ya kuchemsha aliyoleta Bi Gundi. Wanafunzi waliopitishwa ujiani walionyeshwa familia, kisha jenasi moja, kisha jenasi nyingine, na mwalimu wao alisema mfano hai ni bora kuliko ubao. Mtoto alipokosea neno, Mkurugenzi alimsahihisha akipita, bila ukali, wakati mwingine akimpa peremende. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwanza aliacha kumrukia mgeni shingoni. Kisha lile neno fupi likaja mara mojamoja, kama kikohozi kinachopona, na mvua zilipoanza alikuwa amekwisha kulisahau. Mgeni aliendelea kulitamka peke yake akiwa ndani ya droo, na Bi Gundi alimsikia alipobaki kufagia.

Mchana mmoja mtoto alitoka, akajikung'uta vumbi, akamwamkia vizuri kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Alikaa karibu naye, miguu haifiki chini. Mgeni alimmenyea yai, akaondoa vipande vyote vya ganda, hata vile vidogo.

"Mjomba, wewe una watoto?"

"Ninaye mmoja."

"Mkubwa?"

"Kama wewe."

Mtoto alitafuna, akafikiri. "Mbona humleti tucheze?"

"Yuko kabati jingine."

"Basi ukimwona, msalimie."

"Zimefika," mgeni alisema, na Bi Gundi akakusanya vikombe, kwa kuwa saa ya chakula ilikuwa imekwisha.