Mzee Hataki

Godoro lilikuwa limekwama getini, nusu ndani nusu nje, na Shangazi alikuwa akilisukuma kwa goti kwa sababu mikono yake ilikuwa imekumbatia beseni la kukandia unga. Mwenye mkokoteni alikuwa upande wa barabarani, analivuta kwa pembe huku akinung'unika.

"Mama, hili godoro au maiti?"

"Limebeba usingizi wangu wote, baba. Wewe vuta."

Likachomoka kwa mpigo, nusura limwangushe. Huko juu, kwenye vibaraza vya ghorofa, wapangaji walikuwa wameinamia kamba za nguo wakijifanya wanaanua. Nguo zenyewe bado zilikuwa zinachuruzika maji. Hakuna aliyeshuka kumsaidia wala kumwambia kwaheri. Watu aliowapokea wao na vitanda vyao, akawapangia nani akae wapi, leo wote wameshikwa na kazi ya kuanua nguo mbichi.

Wote walimwita Shangazi, kwa heshima. Mwenye haki ya kumwita hivyo kwa damu alikuwa mmoja tu, mtoto wa marehemu kaka yake, naye alikuwa amesimama kwenye ngazi na bonge la funguo mkononi, akingoja godoro lipite ili afunge. Wapangaji walikuwa wameshambandika jina: Semina. Hakuweza kumaliza maongezi bila kusema, "Kule kwenye semina tulifundishwa."

Sasa, ili mtu aelewe inakuwaje mwanamke anatolewa kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikate yake mwenyewe, lazima ajue alivyoiendesha.

Kiwanja alikipata kaka kazini kwake, kikaandikwa jina lake. Matofali, nondo, saruji na mabati vilitoka kwenye tanuri la mikate la Shangazi, pale uani, tangu nyumba ikiwa chumba na sebule hadi ikawa na ghorofa mbili. "Dada, hii ni yetu," kaka alisema, na Shangazi hakuona haja ya kumwambia aandike. Nani anamwandikisha ndugu yake wa tumbo moja? Kaka aliishi mji mwingine na familia yake. Uendeshaji wote alimwachia dada.

Na dada alikuwa na kipaji. Wengine chumba kikiwa kitupu hutafuta mtu wa kulipa. Yeye alitafuta jirani. Fundi wa cherehani, ambaye mashine yake ilitetemesha sakafu, alimweka juu ya mzee mmoja mwenye masikio mazito, na yule mzee akawa anausifu utulivu wa nyumba kwa kila mgeni. Nesi wa zamu za usiku alimpa chumba cha nyuma, kisichopigwa na jua la asubuhi. Wenye watoto aliwarundika chini, kelele zikutane na kelele. Kufagia ngazi hakuajiri mtu. Alinunua ufagio mmoja. Ukiamka ukaukuta umeegemea mlango wako, leo zamu yako; ukimaliza, unauegemeza mlango wa jirani. Usipofagia unabaki hapohapo, na kila apitaye anauangalia na kukohoa. Mkutano haukuitwa hata siku moja, na ngazi ziling'aa.

Lakini akili yake kubwa kuliko zote ilikuwa Mzee wa kubuni.

Alikwisha kuona wenye nyumba wanavyogandwa. Leo huyu anaomba apunguziwe kodi, kesho yule anataka kufuga kuku bafuni. Ukikataa unachukiwa, ukikubali unapandwa kichwani. Basi mpangaji wa kwanza alipohamia, Shangazi alimwambia, "Mimi hapa ni mpangaji tu kama wewe. Ila Mzee mwenye nyumba ananiamini, ndio kaniachia funguo." Kuanzia hapo mazuri yote yakawa yake, na mabaya yote yakawa ya Mzee. Mtu akimletea ombi asilolitaka, hakukataa. Alishika tama, akaguna, akasema, "Mwanangu, mimi sina neno. Ngoja nikamwulize." Kisha akarudi na uso wa msiba: "Mzee hataki."

Mzee hataki kuku. Mzee hataki jenereta. Mzee hataki shemeji aliyekuja kusalimia halafu akapiga kambi. Wapangaji wakampa jina kabisa, Mzee Hataki, wakawa wanamsengenya uani huku wakisubiri ndoo zijae, na Shangazi alimsengenya kuliko wote.

Kaka aliupenda mchezo huo kufa. Akija, alivaa koti zito na kofia, akapita kwenye korido polepole, mikono nyuma, akigusa ukuta kwa kidole kisha akakinusa. Watu walijibanza milangoni. "Shikamoo, Mzee!" Yeye anaguna tu. Halafu anaingia chumbani kwa dada yake, mlango unafungwa, na ndugu wawili wanacheka mpaka machozi, midomo imezibwa kwa mito wasisikike nje. Semina, enzi hizo kijana wa sekondari, alikaa kwenye kigoda akitafuna mkate wa moto, anacheka nao.

Kaka akafa ghafla. Msiba haujapoa, Semina akaja na mawazo.

"Shangazi, kule kwenye semina tulifundishwa nyumba ni biashara. Rangi hii inafukuza wateja. Milango haina namba. Na huu ufagio gani unazurura kama mlevi? Tutatafuta kampuni ya usafi. Halafu lile ghala lako la unga pale chini, kile ni chumba kizima kimelala."

"Kile ni changu, baba. Kama nyumba yenyewe ilivyo yangu."

"Yako kivipi? Jina ni la baba."

"Jina la baba yako, mikate yangu. Unajua vizuri."

Semina akaviangalia viatu vyake. "Basi twende kwenye baraza la mtaa, tukate maneno kwa amani. Wapangaji wako si wanajua? Waseme wao."

Shangazi akafurahi. Watu wale watamkana yeye? Yeye aliyejua nani anakoroma na nani anaogopa radi? Na zaidi ya wote kulikuwa na Fundi, yule wa cherehani, ambaye Shangazi alimpenda kama mtoto aliyemzaa. Alioka mikate ya kupeleka barazani.

Baraza lilikuwa chumba chenye mabenchi na meza iliyowekewa kipande cha tofali chini ya mguu mmoja. Mwenyekiti, mama asiyependa porojo, alimwita Fundi kwanza.

"Unakaa nyumba ya nani?"

"Ya Mzee Hataki. Samahani, ndivyo tulivyomwita. Marehemu."

Watu wakaangua kicheko, mwenyekiti naye akajikaza.

"Na huyu mama ni nani pale?"

"Shangazi? Mpangaji mwenzetu. Mtu mwema, hana makuu. Funguo anashika yeye, lakini hajawahi kujitutumua. Anasema mwenyewe, 'Mimi hapa ni mpangaji tu kama wewe.' Mwulize yeyote."

Nesi akaitikia kwa kichwa. Mzee wa masikio mazito, baada ya kurudiwa swali kwa kelele, akapaza sauti: "Mpangaji! Mpangaji kabisa! Anamwogopa Mzee kuliko sisi!" Walisema kwa upendo, na kila sifa waliyompa ilimng'oa tofali moja.

Angeweza kunyamaza hapo, akatoka mtu mwema asiye na nyumba. Alisimama.

"Mwenyekiti, Mzee Hataki hakuwapo. Ulikuwa mchezo. Kaka alikuwa anavaa koti tu. Nyumba nimeijenga mimi, na aliyekuwa anakataa ni mimi. Mwulizeni huyu, alikuwa anakaa palepale akicheka na sisi."

Mwenyekiti akamgeukia Semina.

"Shangazi, nilikuwa mdogo. Sikumbuki."

"Hukumbuki hata mkate?"

"Mkate nakumbuka."

Shangazi alitaka kumjibu, lakini Fundi alikuwa hajakaa. Bado alikuwa amesimama pale mbele, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Aliyekuwa anakataa ni wewe?"

"Fundi, mwanangu, kaa kwanza..."

"Mama yangu alipopooza miguu, nilikuja kwako nikaomba kile chumba cha chini, asipande ngazi. Ukasema utamwuliza Mzee."

Fundi akasogea hatua moja.

"Ukarudi ukaniambia Mzee hataki. Ukalia, Shangazi. Ulinishika mkono ukalia na mimi. Mama nikampeleka kwa binamu, wakamlaza jikoni kwao, akafia huko mimi sipo. Nimemlaani marehemu miaka yote hii, mtu asiye na kosa. Mle chumbani kulikuwa na nini?"

"Unga," Shangazi akasema. Mzee wa masikio mazito akatega sikio, ikabidi arudie. "Unga."

Machozi yale aliyolia na Fundi yalikuwa ya kweli. Hilo asingeweza kumweleza mtu akaeleweka. Alikuwa amemzoea sana Mzee Hataki, hata siku ile aliporudi na jibu alimchukia kama walivyomchukia wengine, akaenda kulala akimtukana.

Mwenyekiti akagonga meza kwa kalamu. "Fundi, haya mengine mtamaliziana nyumbani. Mimi nataka kitu kimoja. Umekaa pale siku nyingi. Umewahi kumwona huyu mama akijenga? Akilipa mafundi? Chochote cha kuonyesha nyumba ni yake?"

Fundi alikuwa ameona. Ghorofa ya pili ilipanda mbele ya macho yake. Alimwona Shangazi akiwalipa waashi kwa mikono iliyotapakaa unga, akimpigia kelele fundi bomba, akipanda ngazi za miti kukagua zege. Siku ya kumwaga zege, yeye mwenyewe Fundi alimshikia ndoo.

Akamtazama Shangazi, macho makavu.

"Mimi namjua mpangaji mwenzangu," akasema. "Mwenye nyumba sikumwona."

Nesi naye alipoulizwa aliinamia kucha zake, akasema yeye mchana hulala. Mwenyekiti akaandika kwamba nyumba ni ya marehemu, na sasa ni ya mwanawe. Mikate ikarudi na kapu lake, hakuna aliyeonja.

Semina hakuwa mtu wa kelele. Walipotoka nje alimsogelea, akasema kwa upole, "Shangazi, hakuna anayekufukuza. Baki. Utalipa kodi kama wapangaji wengine, nitakufanyia na punguzo la ukoo. Ghala tu ndilo nitalihitaji."

Shangazi alicheka kidogo, puani.

"Kamwambie mwenye nyumba," akasema, "Shangazi hataki."

Asubuhi ya kuhama aliukuta ufagio umeegemea mlango wake. Kama ilikuwa zamu yake kweli au kuna mtu aliuleta kwa makusudi, hakuuliza. Alifagia ngazi zote kuanzia juu, na alipomaliza aliubeba hadi mlangoni kwa Fundi. Ndani cherehani ilikuwa inakwenda. Alipouegemeza, ikanyamaza. Alisubiri. Cherehani ikaanza tena, naye akashuka kwenda kufunga godoro.

Semina aliipaka nyumba rangi ya kijivu, akaweka namba milangoni na kampuni ya usafi, ambayo huja ikikumbuka. Vyumba anavitoa kwa anayewahi kulipa. Mzee wa masikio mazito alipofariki, chini ya Fundi aliingia mwanafunzi wa sheria, na Fundi akapewa notisi kwa sababu ya kelele. Siku hizi anashonea kwenye kibaraza cha duka la mtu. Nesi alihama kabla hajaambiwa. Yuko hospitali ileile, analala anapopata nafasi. Mwenyekiti bado ni mwenyekiti. Shangazi amepanga chumba upande wa pili wa mji. Haoki tena. Aliomba ajenge tanuri dogo uani, na mwanamke anayeshika funguo za pale akashika tama, akamwambia yeye hana neno, ila mwenye nyumba hataki. Ghala la unga lilipigwa chokaa, likapangishwa. Humo anakaa mama wa mpangaji mmoja wa juu, hawezi ngazi.