Pingili Moja ya Kidole

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wahenga hawakuolewa katika nyumba hii. Hapa jembe lenyewe ndilo lililogombaniwa. Nasema jembe, lakini ilikuwa mashine ya kuvutwa na trekta, inayochimbua udongo na kupanda ngano kwa mkupuo mmoja. Waliogombana ni mume wangu na dada yake, wifi yangu, watu ambao ukiwaambia jua limechomoza watabishana limetokea dirisha gani.

Mashine ya zamani ilikuwa ya baba mkwe. Tangu atutoke tuliendelea kuitumia vilevile alivyoiacha, skrubu zote zimeganda kutu palepale alipozikaza, mpaka fremu ikakatika vipande viwili katikati ya shamba. Fundi wa kuchomelea aliitazama akavua kofia, kama yuko msibani. Ikabidi tununue nyingine.

Muuzaji akatuletea mbili za kujaribu. Tulimwita Bwana Karatasi, maana hakusalimii kabla hajakushikisha kipeperushi. Ya kwanza ilikuwa ya meno, vyuma virefu vilivyopinda, vinavyochana udongo na kuangusha mbegu nyuma yake. Ya pili ilikuwa ya sahani, visahani vikali vya chuma vinavyokata mabua ya msimu uliopita na kufungua mfereji mwembamba. Mume wangu aliipenda ya sahani palepale. Kwa hiyo wifi akaipenda ya meno.

"Meno yatanasa mabua," mume wangu alisema tukiwa jikoni. "Utakuwa unashuka kwenye trekta kila saa kuyachokonoa, kama mtu aliyekula nyama ngumu."

"Na hizo sahani zako zitateleza juu ya udongo mgumu," wifi akajibu. "Sahani ni za kulia chakula, mdogo wangu."

Ningecheka, na kwa kweli nilianza kucheka, lakini mume wangu akatamka neno ambalo hakuna aliyewahi kulitamka ndani ya nyumba ile. "Kama hatuelewani, dada, basi tugawane shamba. Kila mtu na upande wake, kila mtu na mashine yake."

Wifi aliweka kikombe mezani taratibu. "Tugawane," akasema.

Mama mkwe alikuwa dirishani akichambua maharage. Mikono yake ikasimama. Wifi anaishi ng'ambo ya uwanja wetu, na kila asubuhi huingia bila hodi, huonja chai yangu, husema haina sukari, halafu huimaliza. Ananiudhi kweli. Lakini nilipowaza ukuta katikati ya uwanja ule na asubuhi isiyo na mtu wa kuisema chai yangu, nilitaka kulia.

Mimi subira sikugawiwa, na hasira nilipewa ya watu wawili. Nikagonga meza. "Hakuna kugawana kitu! Shamba la juu lote mtalipanda, nusu kwa meno, nusu kwa sahani. Ngano itakayoota vizuri ndiyo itakayochagua mashine. Atakayeshindwa atafunga mdomo." Wakakubali, kila mmoja akiwa na hakika ya ushindi.

Wakapanda. Nilisimama ukingoni nikiwatazama. Mume wangu alienda mstari ulionyooka kama uzi, akirudi anapunga mkono kama bwana harusi. Wifi akaendesha akiimba, sauti yake ikishinda ya trekta. Bwana Karatasi alizunguka akisema kila kitu kimeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo, na hakuna aliyemsikiliza. Mvua ikanyesha vizuri. Tukasubiri.

Upande wa sahani, wa mume wangu, ulikaa kimya. Siku zikapita hakuna kitu, kisha vikatokeza vijani vya manjano, vimechoka, kama watu waliopanda ngazi ndefu. Nikamwonea huruma. Halafu nikaenda upande wa meno nikakuta ndege wamejaa, wamenenepa hata kuruka wanaona uvivu. Miche ilikuwa hapa mmoja na kule mmoja. Mashine zote mbili zilikuwa zimefeli!

Basi zikaanza kelele. "Nilikwambia meno!" "Nilikwambia sahani!" Bwana Karatasi, jasho likimtoka, aliapa kwamba mashine hizo hazijawahi kufanya hivyo mahali popote. Nikawaacha wapayuke, nikapiga magoti na kijiko cha jikoni nilichokuja nacho mfukoni, nikaanza kufukua. Upande wa mume wangu nilichimba mpaka nikadhani natafuta maji ndipo nikaikuta mbegu. Upande wa wifi sikuhitaji kijiko. Mbegu zilikuwa zimejilaza juujuu, zinaota jua.

"Kina cha mbegu mlikipima na nini?" nikauliza.

"Na kidole," wote wakajibu kwa pamoja, mara yao ya kwanza kukubaliana mwezi ule. "Pingili moja ya kidole cha shahada. Kama baba."

"Hebu vileteni."

Wakanyoosha vidole. Cha mume wangu ni kinene na kirefu kama ndizi. Cha wifi ni chembamba, kifupi, cha kutia uzi kwenye sindano. Nilivitazama vile vidole viwili vikiwa vimesimama kwa fahari katikati ya shamba lililoharibika, nikakaa chini kabisa kwenye udongo nikacheka mpaka mbavu zikauma. Wifi akafuata. Mume wangu alijitahidi kununa, akashindwa.

Mama mkwe, akiwa kule nyumbani, alikuwa amesikia makelele yetu akadhani kuna aliyekufa. Akafika akihema, kanga imemteleza kichwani. Tulipomweleza, hakucheka.

"Pingili ya kidole cha nani?" akauliza.

"Cha baba," wifi akasema.

"Baba yenu? Kidole cha baba yenu kilikuwa gogo! Angezika ngano isifufuke." Akainama, akachomeka kidole chake mwenyewe kwenye udongo mpaka kwenye pingili ya kwanza, akakitoa, akatuonyesha alama ya tope. "Alikuwa akiniita mimi. Kila msimu, kabla hajakaza skrubu za kina, ananiita kutoka jikoni nije na kidole. Nilikuwa nakuja na unga mikononi."

Akafuta kidole kwenye kanga. "Tangu aondoke hakuna aliyeniita. Nikadhani mashine za siku hizi hazihitaji."

Mume wangu alimshika mkono. Wifi akageukia upande mwingine akijifanya anafukuza ndege.

Mvua zilikuwa bado hazijaisha. Tukapanda upya, mashine zote mbili zikipimwa kwa kidole cha mama, naye Bwana Karatasi akimshikia mwavuli. Ngano ikaota pande zote mbili, nene, ya kijani, huwezi kusema ya meno ni ipi na ya sahani ni ipi. Ndipo ugomvi ukaanza upya.

"Tuchukue ya meno, dada, wewe ndiye mkubwa."

"Sitaki. Umesema sahani, tuchukue sahani."

"Nimesema meno!"

Nilikuwa natafuta meza ya kugonga. Mama mkwe akazizunguka mashine zote mbili, polepole, kama anayechagua nazi sokoni. Ya sahani, Bwana Karatasi akamweleza, kina chake hurekebishwa kwa kitufe ndani ya trekta, dereva hashuki. Ya meno ina pini, chini kabisa karibu na gurudumu, lazima mtu ainame mpaka kwenye udongo.

"Hii," akasema, mkono wake ukiwa juu ya ile ya meno. "Hii lazima mniite."

Hakuna aliyebisha. Kesho yake asubuhi wifi aliingia bila hodi, akaonja chai yangu, akasema haina sukari.