Mkono Haujambo

Mkono wa kulia wa Bi Mwanapili, msusi wa mikeka wa Diani, ulipasuliwa kwenye kifundo mwaka wa uhuru kwa sababu ya maumivu na ganzi; ganzi iliporudi ukapasuliwa tena. Karibu miaka kumi imepita. Maumivu yaliondoka, kweli, lakini hisia nazo ziliondoka, hata ukimpitishia mwaa wa kusukia mikeka kati ya vidole haujui. Na sasa wa kushoto umeanza kufa ganzi.

Daktari aliyempasua alikuja hospitali ya Msambweni kuwatazama wagonjwa wake wa zamani, aone kazi yake imedumu vipi. Mwanasha alimsindikiza wifi yake Mwanapili huko, na njia nzima hakunyamaza.

"Wifi, mwambie huo mkono umekufa. Ukiona haya, ataupasua na wa kushoto vivyo hivyo, kisha mikeka utaisuka kwa meno."

"Nitamwambia, wifi. Hebu nipumzishe."

Mwanapili akaingia.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, bibi. Mkono haujambo?"

"Haujambo, alhamdulillahi."

"Hauumi?"

"Hauumi."

Daktari akaridhika. Kovu alilitazama, akalisifu.

"Basi huo wa kushoto tutaupasua Jumatatu, kama tulivyoupasua huu."

Mwanapili akaingiwa na hofu. Alikuwa muungwana wa kupindukia, na kumtoa kasoro mtu aliyemhangaikia mara mbili kulimtia aibu kuliko kukaa bila kitambaa cha kichwa. Hata hivyo aliunyosha ule wa kulia mezani.

"Nichome sindano kidoleni, daktari."

Daktari akamchoma. Damu ikatoka, Mwanapili akaitazama kama anayetazama kuku wa jirani akichinjwa.

"Husikii?"

"Sisikii. Tangu uliponipasua mara ya pili."

"Sasa mbona umeniambia haujambo?"

"Uliniamkia, daktari. Ningekuitikia nini?"

Daktari akaiweka sindano mezani. Tangu asubuhi swali lake lilikuwa hilo hilo, na kila aliyeingia alimjibu haujambo, naye moyo wake ukazidi kunawiri. Akamtuma muuguzi mbio akawarudishe, lakini wengi walikuwa wameshashika njia ya makwao.

"Nisamehe, bibi," alisema baadaye. "Na huu wa kushoto tuufanyeje?"

Mwanapili alikuwa ameshauingiza ndani ya buibui.

"Huu niachie. Ndio nilio nao."