Kitambaa cha Namba Tatu

Marubani wananiita Mzee Daftari. Si kwamba napenda kuandika. Mwandiko wangu hata mimi mwenyewe hunishinda. Ni kwamba fomu za matengenezo ziliisha kambini miaka mitatu iliyopita, hazikuletwa nyingine, na tangu hapo mtu akitaka kujua lolote kuhusu ndege zetu anakuja kuniuliza mimi. Nilivishwa kilemba cha ukoka nikakivaa miaka yote mitatu, tena kwa maringo.

Tuna ndege tano za mafunzo, kuukuu zote, na kiwanda kilichoziunda kilishafungwa. Kwa hiyo tunaishi kwa kuazima: kikiharibika kifaa kwenye hii, tunang'oa kwenye ile. Pale nilipong'oa nafunga kitambaa chekundu, kila mtu ajue kwamba hapa pana pengo na ndege hii isirushwe. Vitambaa ananikatia dada yangu, fundi cherehani, kutoka kwenye pazia lake la zamani. Mwanawe ni rubani papa hapa kambini. Kila akinipa fungu la vitambaa hunikumbusha, "Ndugu yangu, mimi sijui ndege. Nakujua wewe tu."

Ndipo tukaambiwa wanakuja wageni. Ndege nne za kivita za nchi kubwa, siku mbili, kwa ajili ya urafiki. Kambi ikapigwa rangi hata mahali pasipostahili rangi, na vyoo vilivyokauka mwaka mzima vikatoka maji. Asubuhi ya kuwapokea, mkuu wa kambi akaingia hangani, kwenye banda la ndege, na kundi la marubani vijana nyuma yake, akasimama mikono kiunoni.

"Mzee Daftari, matambara yote haya ya nini? Hanga limekuwa kamba ya kuanikia nguo."

"Afande, hiyo ndiyo kumbukumbu yetu."

"Kumbukumbu si unazo kichwani? Au uzee umeshaingia?"

Vijana wakacheka. Nina miaka hamsini na tisa, na mwaka huu nimeanza kupoteza vitu: miwani, funguo, majina ya watu niliofanya nao kazi. Hilo sikuwa nimemwambia mtu. Nikajibu kwa sauti ili na wale wa nyuma wasikie, "Zimo, Afande. Zote zimo." Nikavifungua vitambaa kimoja kimoja kwa mkono wangu, nikavitia kwenye ndoo, nikaisukuma ndoo chini ya meza. Hakuna aliyenishikia bunduki.

Wageni wakatua kabla ya adhuhuri. Mlio wao ulitikisa mabati hadi chembe za kutu zikatudondokea mabegani. Ndege zikazimwa, mafundi wao waliotangulia na lori la mafuta wakazikimbilia, na kitu cha kwanza walichofanya, Mungu ni shahidi, ni kufunga vitambaa vyekundu. Kwenye matairi, kwenye mabawa, kila tundu. Nikamgeukia mkuu wa kambi.

"Vya kwao vina maandishi," akasema.

Mpwa wangu alikuwa amesimama kando yangu, hasikii wala haoni kingine. Ana miaka thelathini na miwili. Alikuwa hajaruka kwa miezi kumi na minne kwa sababu kambi haikuwa na mafuta. Siku nyingine nilimkuta amekaa ndani ya ndege namba tatu, mlango wazi, macho amefumba, mkono kwenye usukani, anaruka peke yake. Wageni walikuja na mafuta. Walikuja pia na nafasi moja ya masomo ya urubani kwao, mwaka mzima, na mwisho wa umri ni thelathini na mbili. Yeye alibakiza miezi miwili.

"Mjomba," aliniambia jioni ile, "hii ikipita, basi tena."

Asubuhi ya pili, wageni wakiwa wanajiandaa kuondoka, ofisa wao akamwambia mkuu wa kambi kwamba angependa mmoja wa vijana wetu aruke na ndege yetu kando yao, japo kidogo, amwone kazi yake kwa ajili ya ile nafasi ya masomo. Mkuu wa kambi hakusita. Namba tatu. Dakika ishirini.

Fomu zilipoisha, saini yangu ilihamia kwenye kiganja. Fundi mkuu anaizunguka ndege, akiridhika anaipiga makofi mawili ubavuni, na rubani anawasha. Bila makofi hayo hakuna anayeruka, hata mkuu wa kambi mwenyewe. Nikaizunguka namba tatu. Matairi sawa, mafuta sawa, usukani unavutwa na mkia unaitika. Nikafika ubavuni, nikainua mkono. Mkono ukagoma.

Ndani ya mkia kuna bolti moja, urefu wa kidole cha mwisho, inayoshika fimbo ya usukani. Mwaka jana ya ndege moja ilipasuka, nikang'oa ya ndege nyingine kuiokoa. Kwenye ile iliyobaki na pengo nikatia bolti ya dukani, ili mkia usipigwepigwe na upepo, nikafunga kitambaa juu. Ukiwa chini, bolti ya dukani inafanya kazi vizuri kabisa. Ukiwa juu, ikivutwa kwa nguvu mara tatu nne, inakatika, na rubani anabaki na usukani usioshika kitu. Ndege zenyewe zilikuwa namba tatu na namba tano. Ipi ilimpa mwenzake? Nilitafuta kichwani. Nikaona kitambaa, nikaona mkono wangu unakifunga, lakini namba ubavuni sikuiona.

"Mjomba, piga," mpwa wangu akasema kutoka juu. Alikuwa ameshavaa kofia, anatabasamu.

"Nipe saa moja nifungue mkia."

"Saa moja? Jamaa wanawasha hao!"

Kifuniko cha mkia kina skrubu ishirini na nne, na sita kati ya hizo zimeshikwa na kutu. Mkuu wa kambi akaja mbio. "Vipi?"

"Afande, sina uhakika na mkia."

"Jana si ulisema zimo kichwani?"

"Nilisema."

"Basi piga kofi, mzee! Watu wanatutazama!"

Mpwa wangu akashuka ngazi moja, akainama hadi uso wake ukakaribia wangu. Hakupiga kelele. "Mjomba, nitazame. Mimi ndiye ninayepanda. Nimekubali. Nipigie tu."

Nilimtazama. Nikamwona mama yake na mkasi wake na lile pazia. Nikatia mikono yote miwili mfukoni, mbele ya wageni, mbele ya wote. "Hairuki," nikasema.

Wageni wakaruka wanne kama walivyokuja. Ofisa wao alikuwa mstaarabu. Akasema safari nyingine, Mungu akipenda. Hakuna safari nyingine kwa mtu mwenye miezi miwili. Mpwa wangu akavua kofia, akaiweka chini kwenye sakafu taratibu, akapita karibu nami.

Kesho yake nikavuta ile ndoo chini ya meza. Lazima kila kitambaa kirudi mahali pake, na njia iliyobaki ni kufungua ndege zote tano. Nikaanza na mkia wa namba tatu. Skrubu ishirini na nne, saa moja na robo. Nikamulika tochi.

Bolti ilikuwa ile ile ya kweli, ya rangi ya manjano, namba za kiwanda kichwani. Ndege ilikuwa nzima. Iliyokuwa na pengo ni namba tano.

Nilikaa juu ya ngazi na tochi yangu. Sitaki kusema uongo juu ya nilichohisi: sikufurahi kwamba kijana angerudi salama. Niliona aibu. Nikanyanyua uso, na kupitia mlango wa hanga nikamwona anakuja kutoka jengo la marubani, akivuka uwanja polepole. Kwa mwendo ule ni dakika tano. Nilijua anachokuja kuuliza.

Vidole vyangu havijafanya kazi kwa kasi ile tangu ujana. Nilichomoa bolti ya kweli, nikaitia mfukoni, nikachomeka ya dukani kutoka kwenye kisanduku changu cha zana, nyeupe, inayong'aa. Nati nikaikaza kwa mkono tu. Alipofika mlangoni nilikuwa nafuta jasho.

"Ilikuwepo?" akauliza.

"Panda uone."

Akapanda. Nikamshikia tochi. Alitazama kwa muda mrefu, akanyoosha kidole akaigusa, halafu akashuka na kukaa sakafuni, mgongo kwenye tairi.

"Mjomba, jana nilikuombea mabaya. Nilikuombea ufe."

"Yamepita hayo."

"Wewe ulikuwa unaniokoa." Akanishika mkono, akauweka kwenye paji la uso wake. Kwenye mfuko wangu ile bolti ilinichoma pajani. "Mara ngapi lakini? Mara ngapi nimepanda vitu kama hivi, nacheka, na chini yangu kuna msumari wa dukani?"

"Kila mara nilikuwepo."

"Na siku usipokumbuka? Basi. Mimi na ndege tumeachana. Leo hii naandika barua."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno moja tu, na bolti nimwekee kiganjani. Mdomo niliufungua kweli. Lakini kijana alikuwa ameushika mkono wangu kama alivyoushika akiwa na miaka saba, siku ya kwanza nilipomleta hangani kuona ndege, na jana yake hakutaka hata kunitazama. Nikaufunga mdomo. Nilikuwa nimemnyima safari moja, sasa namnyima zote, na yeye ananishukuru.

Barua ikakubaliwa ndani ya wiki mbili. Amepata kazi kwenye bohari la saruji, ya kuhesabu mifuko. Ananiamkia kwa heshima kuliko zamani, na kwa watu husimulia kisa cha mkia wa namba tatu, jinsi mjomba wake alivyosimama mbele ya majeshi mawili. Mkuu wa kambi naye ameanza kukisimulia, yeye mwenyewe akiwemo.

Jumapili dada yangu alikuja kwangu na kifurushi. Safari hii si mabaki ya pazia. Ni kitambaa kipya, chekundu, mita nne, amenunua dukani, pindo ameshona pande zote.

"Umenirudishia mwanangu," akasema, akalia begani pangu. Nikampigapiga mgongoni, mara mbili.

Kitambaa nimekikata vipande, nimefunga kila penye pengo. Namba tatu sikuifunga. Bolti yake nimeshairudisha, nimeikaza vizuri, na mafuta ya wageni bado yamo kwenye tangi. Iko tayari kuruka, na sasa hakuna anayekuja kukaa ndani yake.