Pete ya Lenzi ya Tatu

Lenzi ya tatu ilipasuka saa nne asubuhi ndani ya tangi la kupozea, na kufikia saa tano Bwana Barua alikuwa ameshapata wa kumtoa kafara. Alikuwa shemeji yangu.

Bwana Barua ndiye mkuu wa mradi. Jina hilo tulimpa sisi, maana kila jambo kwake huishia kwenye barua. Shemeji ni fundi wa karakana ya chini, mume wa mdogo wangu. Nyumba wanayokaa na watoto wao watatu ni ya taasisi, kwa hiyo akifukuzwa wana wiki mbili tu za kufungasha. Bwana Barua analijua hilo fika, na barua ya kumfukuza aliiandika hivyo hivyo.

Nilishuka ngazi damu ikinichemka. Miezi kumi na minne ya kusugua na kung'arisha ile lenzi ilikuwa imekwenda na maji, na sasa mtu asiyejua hata kushika tupa anamtupia lawama fundi bora tuliye naye!

Tunaunda chombo cha kufungwa nyuma ya darubini, kipime hewa ya sayari zinazozunguka nyota nyingine. Kinatumia mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni, na kila kitu chenye joto kinautoa: mkono wangu, ukuta, hata chombo chenyewe. Ndiyo maana tunakipoza hadi nyuzi mia mbili chini ya sifuri, kisijimulike. Kikipoa, kinasinyaa. Pete ya alumini inayoishika lenzi, yenye upana wa milimita mia moja, hupungua karibu nusu milimita, ilhali lenzi ya silikoni, ya kijivu kama sufuria, haipungui kitu. Pete ikikatwa ndogo, baridi ikiingia inaikaba lenzi.

"Fundi alikata pete ndogo," Bwana Barua alisema nilipoingia ofisini kwake. Shemeji alikuwa amekaa pembeni ya meza, kofia ya kazi mapajani. Barua ilikuwa katikati, ikisubiri sahihi.

"Alikata kwa mchoro wangu!" nilisema. "Na mchoro wangu uko sawa."

"Mhandisi, punguza sauti."

"Sipunguzi! Miaka sita fundi huyu hajakosea hata unywele. Wewe umeingia karakana mara ngapi? Mara mbili, na zote ulikuja na mpiga picha."

Shemeji alikohoa. "Shemeji, basi. Yaishe."

"Yaishe nini? Wewe nyamaza, ninakutetea!"

Hapo nikautandaza mchoro juu ya barua yake, makusudi, ili isionekane. Nilitaka kumwonyesha kona ya chini kulia. Hapo ndipo kila mhandisi wetu huandika neno moja, JOTO au BARIDI. Ukiandika BARIDI, fundi anajua kwamba vipimo ni vya chombo kikishapoa, naye anaongeza kile kitakachosinyaa kabla ya kukata. Mchoro wa pete hii ulikuwa wa BARIDI. Niliweka kidole pale nikaanza kusoma kwa sauti.

Kona ilikuwa tupu.

Niliugeuza mchoro, kana kwamba neno lingekuwa nyuma. Bwana Barua, ambaye kwa kawaida mchoro kwake ni mistari tu, safari hii alielewa upesi.

"Kwa hiyo hapakuandikwa," alisema. "Lakini fundi mzoefu angeuliza. Fundi, uliuliza?"

Shemeji aliitazama kofia yake. "Sikuuliza, Mkuu."

Alidanganya, na mimi ndiye niliyejua. Aliuliza. Alinipigia simu Jumanne, nikiwa stoo nimekaliana kooni na mtunza stoo kwa sababu ya nyaya zilizochelewa. Alisema, "Shemeji, hii pete ni joto au baridi?" Nami sikumwacha amalize. Nikamwambia kata kama ilivyochorwa, mwacheni mtu afanye kazi, kwani hamjui kusoma? Kisha nikakata simu.

Hasira yote niliyoshuka nayo ngazi ilikosa pa kwenda. Nilimchukia Bwana Barua kwa kuwa nusu ya maneno yake yalikuwa kweli. Nilimchukia shemeji kwa kunikingia kifua mbele ya mtu yule, kwa kuihatarisha nyumba ya watoto wake, bila hata kuniomba ruhusa.

"Aliuliza," nilisema. "Aliniuliza mimi, nikamfokea. Kosa ni langu, mchoro na jibu. Andika jina langu kwenye hiyo barua."

Bwana Barua aliuvuta mchoro taratibu, akaitoa barua chini yake, akaanza kutafuta kalamu.

Nilimgeukia shemeji. "Mbona hukuniuliza tena? Ungepanda tu ngazi!"

"Tulitaka kupanda," alisema kwa upole. "Karakana nzima tulikaa tukajadili nani apande. Hakuna aliyekubali, shemeji. Wewe ukishakasirika, nani akufuate mara ya pili?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Nikaona mabega yake yamepanda na shingo imezama, anasubiri kufokewa.