Kiwanda cha Mito

Msimamizi aliibandika picha kwenye nguzo ya karibu na mlango, mahali ambapo hakuna mtu ambaye angeikosa. Sarjono amelala juu ya rundo la mito, mdomo wazi, nyusi zimejaa sufi. Chini yake maandishi ya kalamu nene: "Mito yetu ni laini, hata fundi haamki."

Wanawake waliokuwa wakishona walicheka mpaka sindano zikawaponyoka. Ngatini hakucheka. Sarjono alikuwa mumewe.

"Bu Ngatini!" akaita Pak Darmo, msimamizi mwenyewe, maana kwao mama huitwa Bu na bwana Pak, akijipapasa kitambi. "Mumeo leo ndiyo mwisho wake hapa kazini. Mashine ya kuchambua sufi haitaki mtu wa kusinzia, itamla mkono. Ila simlaumu yeye, nakulaumu wewe. Mwache mume wa watu apumzike usiku, jamani!"

Kicheko kikalipuka upya.

Ngatini alivuta pumzi kwa mdomo. Pua yake nayo ilikuwa imeziba. Humo ndani hamkuwa na pua nzima. Madirisha yalipigiliwa misumari na mlango ukatiwa komeo, kwa kuwa upepo ukiingia hupeperusha sufi, na sufi ikipeperuka tajiri mwenye kiwanda hupata hasara. Pua za watu hazikuwa hasara ya mtu yeyote. Nesi wa zahanati alikwisha kuwaambia waziwazi: pua ikiziba namna hii, koo nalo hujifunga usingizini, mtoeni Sarjono kwenye vumbi. Walipomfikishia Pak Darmo maneno hayo, aliwashauri wanywe maji ya tangawizi.

"Ni kweli, Pak," akasema Ngatini. "Simwachi. Nampiga usiku kucha."

"Haya! Mmemsikia?"

"Nampiga makofi ya mgongo. Anakoroma, halafu anakata. Kimya. Kifua kinahangaika, hewa haiingii. Nikimpiga anashtuka, anavuta hewa kama mtu aliyeopolewa kisimani. Siku nikipitiwa na usingizi mimi, nitaamka mjane. Cheka basi, Pak. Mbona hucheki?"

Bu Sumiyem, mkubwa wao kwa umri, akauweka chini mto aliokuwa akiushona. "Na wangu hukata hivyohivyo," akasema taratibu. "Nikadhani uchovu tu."

"Yaishe hayo! Kazini!" akafoka Pak Darmo.

Ngatini akaenda mlangoni, akaling'oa komeo na kusukuma mbao zote mbili mpaka ukutani. Upepo ukaingia kwa fujo. Sufi ikanyanyuka kutoka kila pembe, ikamiminika nje, ikatua juu ya migomba, juu ya pikipiki, juu ya kioo cha gari la tajiri.

"Funga! Unamwaga mali ya watu!"

"Mali hii naijua, Pak. Nalala nayo kooni."

"Funga, ama utoke na mumeo!"

Sarjono aliacha mashine ikinguruma, akaja, macho mekundu. "Mama, funga," akanong'ona. "Tutakula nini?"

"Maiti hali kitu, baba."

Bu Sumiyem akabeba kigoda chake, akakitua kwenye kizingiti, akaketi. Mlango sasa haukuweza kufungika bila kumbana yeye. Mwingine akamfuata na kigoda chake, kisha mwingine. Pak Darmo akatoa simu mfukoni.

"Namwita tajiri! Nyote mtaona!"

Sarjono alimtazama mkewe, akarudi ndani, akaizima mashine.

"Mwite," akasema Bu Sumiyem, akitia uzi sindanoni. "Akija, tutamkalisha humu ndani, tumfungie mlango hadi jioni. Tangawizi ipo."