Herufi ya Mwisho

Kujifunza Kigiriki lilikuwa wazo la dada mkubwa, fundi cherehani, aliyetamani tangu ujana kuisoma Injili kwa lugha iliyoandikiwa. Kila Jumamosi mchana alifunga kazi, akaenda darasani, chumba cha nyuma ya maktaba. Katikati ya juma alijizoeza herufi kwa chaki kwenye vitambaa, hata mteja mmoja akarudisha sketi akiuliza nani kamwandikia hirizi.

Kwenda peke yake kulimchosha. Akamwomba mdogo wake, waliyemwita Chiriku kwa kutofunga mdomo, amsindikize.

Chiriku alikwenda kusindikiza, akabaki kutawala. Haukupita muda mkono wake ukawa unateleza ukurasani kama umepakwa mafuta. Mwalimu, mzee asiyesifu ovyo, akainua karatasi yake juu. "Tazameni. Hivi ndivyo inavyoandikwa." Ya fundi akaipita bila neno. Fundi akacheka na wenzake, lakini rohoni kunachoma. Nimejipalia makaa mwenyewe, akawaza.

Jumamosi iliyofuata Chiriku aliumwa jino, akabaki nyumbani. Siku hiyo mwalimu alifundisha kwamba "s" ya Kigiriki ina sura mbili: ndani ya neno ni kiduara chenye mkia, ila ikija mwishoni hugeuka, ikawa kama ndoano.

Jioni Chiriku akauliza, kashika shavu, "Dada, leo mmesoma nini?"

"Marudio tu," fundi akajibu, macho kwenye pindo analoshona. "Hukukosa kitu."

Kipindi kilichofuata mwalimu akamwita Chiriku ubaoni aandike "logos", yaani neno. Akaandika kwa madaha, akamalizia kwa kiduara. Darasa zima likaangua kicheko.

"Kwani dada yako hakukueleza?" mwalimu akauliza.

Chiriku akageuka. Fundi akainamisha kichwa.

"Alinieleza, mwalimu. Nimesahau mwenyewe."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Chiriku hakusema kitu, na Chiriku kunyamaza ni habari. Walipoingia ndani fundi akashindwa kuvumilia.

"Si ungesema tu ukweli?"

"Niseme nini mbele za watu? Kwamba dada yangu ananionea wivu?" "Kama hukunitaka pale ungeniambia. Ningeacha."

Fundi akakosa pa kuficha uso. "Usiache. Nisamehe, mdogo wangu. Kila ukisifiwa, mimi naona nimenyang'anywa."

Chiriku akavuta kiti. "Haya, nioneshe hiyo ya mwisho."

Fundi akachukua penseli, akaiandika nyuma ya kalenda iliyopitwa na wakati. Chiriku akaitazama mara moja tu, akaandika yake pembeni: nyembamba, imejikunja vizuri, nzuri kuliko ya dada yake, mwalimu wake wa dakika hiyo. Wivu ukampanda fundi tena, palepale. Akaumeza kama dawa chungu.

"Umepatia," akasema. "Rudia polepole, nione mkono unaugeuzaje."